Kiti Nilichomwekea Mama

Mtaa wa Kenya,
Lubumbashi.
Tarehe 9 Septemba 1979

Mpendwa Yaya Kulthumu, dada yangu wa pekee,

Pokea salamu zetu sote. Shemeji Mutale hajambo? Watoto je, wanasoma? Sisi huku tunapumua tu, na mke wangu Amida kikohozi kimemwacha. Ila Mama si mzima, ndiyo maana naandika.

Najua Jumatatu mlimngoja Mama stesheni ya Ndola, na yule daktari wa macho naye alimngoja. Mama hakufika. Usikasirike kwanza, nisikilize.

Uliniandikia: mkatie tiketi tu, apande, akae. Yaya, umekaa Zambia mpaka umesahau kwenu! Huko basi lina foleni, na kondakta humwinua kijana ili mzee akae. Binamu yetu Abibu naye anatuandikia kwamba treni za Ubelgiji zina viti laini, mtu analala hadi anakokwenda. Huku tiketi ni karatasi tu. Kiti ni cha aliyekiwahi, na kukiwahi ni kuingia behewani treni ikiwa bado inafagiliwa, kabla haijaletwa kwa abiria.

Basi nikafanya hivyo. Nililala juu ya kiti, nikatukanwa, nikavutwa miguu, sikutoka. Tena kilikuwa cha dirishani, Mama apate hewa. Treni ilipoletwa stesheni watu waliingia kwa milango na kwa madirisha, na magunia, na makatoni ya sabuni. Amida alikuwa amemshika Mama mkono, wakasukumwa wote wawili hadi ukutani. Nilimsikia Mama akiita, "Sumaili, unaniacha na nani?" Sikuweza kupita. Treni ikaondoka na mimi.

Nilishuka kituo cha kwanza, nikarudi juu ya lori la makaa. Nilimkuta Mama bado yuko stesheni, amekataa kwenda nyumbani, amejishika ubavu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kiti iko bado?" Nililia mbele za watu, sioni haya kukuambia.

Tangu siku ile ubavu unamuuma. Hawezi kusukumwa tena, wala mimi sitathubutu. Jicho la kushoto limekwisha kabisa, na la kulia linafifia. Nimebisha kwa kila mwenye gari hapa mtaani, wote wanasema petroli hakuna. Nimeshindwa, Yaya. Mwombe shemeji, tafuteni gari popote, mje mumchukue hapa hapa mlangoni. Na daktari akisema tumechelewa, basi angalau awe amekuona wewe. Usinijibu kwa barua, njoo!

Nisalimie shemeji Mutale, Yuma na Sofia mdogo. Mungu awafungulie njia na awafikishe salama.

Mama amekaa hapa kando yangu, anataka niongeze neno lake: "Mwambie avale nguo nyekundu. Nyekundu njo rangi ningali naona."

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Sumaili