Asiransi ya Gari la Kwenda Mitwaba

Naviundu, Lubumbashi

Mdogo wangu mpendwa Ngoie,

Kabla ya jambo lolote, niambie habari za goti lako. Juzi katika simu ulisema limeacha kuvimba, lakini nakujua mimi: hata ulipokuwa msichana ulikuwa unasema hujambo huku unachechemea. Na muhogo, umekauka vizuri? Na mama mkwe wako, bado anaamka kabla ya wote kufagia kiwanja na kuwalaumu wanaolala? Sisi hapa tu wazima. Kikohozi changu cha vumbi kimetulia, macho yangu bado yanasoma, na moyo wangu, Ngoie, unaruka kama wa kijana aliyefaulu mtihani. Ninakuja nyumbani! Nimeliandika hapa juu kabisa kwa sababu siwezi kungoja hadi ukurasa wa pili.

Simu ilikatika pale uliponiuliza mimi kaka yako mkubwa: "Yaya, hiyo asiransi ni kintu gani? Juu ya nini munalipa tena gari yenye iko yenu?" Swali lako juu ya asiransi, ambayo vitabuni huitwa bima, ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko simu. Basi nakujibu kwa karatasi, na dereva wa lori la mahindi amekubali kuileta hadi mlangoni kwako.

Unamkumbuka binti yangu Beatrisi, niliyembeba mgongoni siku ile tulipokimbia vita na moto huko Mitwaba. Sasa ni mama mwenye nyumba yake, na mumewe ni Tshibangu, muuza vitambaa, kijana ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Wawili hao wamenunua gari. Si jipya, lilipitia Zambia likiwa limekwisha kutumika, na usukani wake uko upande wa kulia. Huku kwetu magari hupita kulia, kwa hiyo dereva wa gari kama hilo anakaa upande wa mfereji, na akitaka kulipita lori lililo mbele haoni kinachokuja. Anayekaa kushoto ndiye macho yake. Dereva anauliza, "Iko wazi?" na mwenzake anajibu, "Iko wazi, pita!" au "Bado!" Mji mzima unaendesha hivyo, mke na mume, mtu na shemeji yake, na kelele ndani ya gari ni nyingi kuliko za nje.

Siku walipolileta, Beatrisi aliniwekea ufunguo mkononi akasema, "Papa, hii gari njo itakupeleka kwenu." Nilitoka nje nikajifanya natazama matairi. Miaka yote hii nimekuwa nikisema nitakuja kiangazi kijacho, na kila kiangazi lori lilijaa, au njia ilifungwa, au mgongo wangu ulikataa kukaa juu ya magunia. Sasa kuna kiti chenye mgongo, Ngoie, na dirisha!

Tulikwenda watatu kwenye ofisi ya asiransi. Alitupokea mama mmoja mnene, mchangamfu, anaitwa Mama Klarisi. Tshibangu hakutaka hata kukaa.

"Mama, utupatie ile ya kidogo, ya kubandika ku kioo, ba-roulage batuache na amani."

Ba-roulage ni polisi wa barabarani. Watu wengi hapa wanafikiri asiransi ni kitu cha kuwaonyesha polisi, basi. Mama Klarisi alicheka.

"Papa, haiko dawa ya polisi. Ukae nikuambie chenye unanunua."

Akatueleza, na mimi nikavaa miwani nikaomba niusome mkataba wote. Tshibangu akaegemea ukuta: "Papa, tutalala humu!" Niliusoma hata hivyo, na nakueleza nilivyoelewa.

Ya kwanza ni ya chini, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Ukimgonga mtu, au ukivunja ukuta wake, au baiskeli yake, kampuni inamtibu na kumlipa badala yako, hadi kikomo kilichoandikwa. Lakini gari lako mwenyewe, hata likibaki vyuma vitupu, haliangalii kabisa. Ya pili ni ya juu. Hiyo inachukua yote ya ile ya kwanza, inapandisha kikomo, halafu inaongeza gari lako: likigongwa, likigonga kwa kosa lako mwenyewe, likiungua, likiibwa, vioo vikivunjika. Hata hivyo si yote wanayolipa. Kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo unaibeba wewe mwenyewe kila mara, ili usiwe mzembe. Na dereva akiwa amelewa, au hana ruhusa ya kuendesha, gari lake halitengenezwi. Tena kuna sharti moja ambalo Mama Klarisi alilisoma kwa sauti, kidole kikiwa juu yake: ajali ikitokea, usitie sahihi ya kukubali kosa wala ya kuahidi malipo kabla ya kuiambia kampuni.

"Miye naendesha muzuri," Tshibangu akasema. "Tangu nianze sijagonga hata kuku."

"Na bale bengine?" Mama Klarisi akamwuliza, akionyesha malori ya madini yaliyokuwa yakipita nje. "Ba-camion ya mine batakuuliza kwanza kama unaendesha muzuri?"

Beatrisi ndiye aliyekata maneno. "Mu njia ya Mitwaba, gari ikiharibika, nani atatupatia ingine? Papa atarudia kungojea kiangazi kingine? Tukamate ya kubwa." Ilikuwa ghali, na bati la jiko lake jipya litangoja. Nilitaka kumkataza. Sikumkataza, kwa sababu nilikuwa natamani kukuona.

Wiki chache baadaye, asubuhi, mbele ya daraja la Naviundu, lori la madini lilikuwa limesimama. Tshibangu alikuwa kwenye usukani, Beatrisi kushoto, mimi nyuma. "Iko wazi?" Beatrisi akainua shingo. "Bado! Bado!" Lakini pua ya gari ilikuwa imekwisha kutoka. Kwa upande wa pili alikuwa anakuja mtu wa makala, yaani mkaa wa kupikia, mmoja wa wale wanaotoka Annexe, pembezoni mwa mji, wakisukuma baiskeli yenye magunia marefu kuliko wao. Tulimgonga, kisha tukaingia kwenye nguzo. Makala yalimwagika barabara nzima. Kwa dakika moja nilidhani yule mtu amekufa, mpaka niliposikia anatutukana, nikamshukuru Mungu kwa kila tusi.

Mkono wake ulikuwa umevunjika. Anaitwa Banza, mtu wa makamo, mwenye mke na watoto. Gari letu lilikuwa limepasuka uso wote, maji ya injini yanatiririka. Na sasa, Ngoie, sikiliza kosa ambalo ni watu wa huku tu wanaoweza kulifanya, kwa sababu tumelelewa vizuri. Unajua desturi. Ukimwumiza mtu hungojei sheria. Unainama, unasema ni mimi, unamwita mkubwa wa mtaa, mnaandika karatasi ya kupatana, mnaitia sahihi, na siku hiyohiyo jambo linakwisha baina ya jamaa na jamaa. Tshibangu alikuwa amepiga magoti katika makala, suruali nyeupe imekuwa nyeusi: "Papa, unisamehe, ni miye, nitalipa byote!" Mkubwa wa mtaa alikuwa amekwisha kufika, karatasi iko juu ya paja, kalamu imefunguliwa. Tshibangu akanyoosha mkono aichukue.

"Usitie sahihi!" nilipiga kelele, mimi mzee, mpaka watu wakageuka.

Mtu mmoja akasema, "Ona huyu muzee! Anamufundisha mukwe wake kukimbia deni!"

Niliona haya mpaka masikioni. Lakini nilikuwa nimeusoma mkataba. Tulimpeleka Banza hospitali, polisi wakaja wakapima na kuandika waliyoyaona, na Beatrisi akampigia simu Mama Klarisi. Naye akasema atapeleka habari kwa wakubwa wake, ila anaogopa lile neno la Tshibangu, "nitalipa byote," lililosikiwa na watu wengi. Wakilishika, huenda wakakataa kulitengeneza gari. Mvua haikuwa mbali. Ukijua njia ya Mitwaba, unajua mvua ikianza gari dogo halifiki. Niliona kiangazi changu kinaondoka tena.

Lakini kuacha kumtembelea mgonjwa lilikuwa jambo nisiloliweza. Kesho yake nilichukua kuku na unga nikaenda na Tshibangu hadi Annexe, alikorudishwa Banza. Mke wa Banza alitutazama kuanzia viatu.

"Bakubwa," akasema, "munaleta kuku ya kutufunga kinywa? Jana mulikatala karatasi. Leo munataka tule, tusahau?"

Tshibangu akautua unga chini. Nikamwambia yule mama, "Mama, ile karatasi ya mkubwa wa mtaa ingekupa ahadi ya kijana mmoja anayeuza vitambaa. Mwezi huu angelipa, mwezi ujao angejificha ukipita. Kuna karatasi nyingine. Iko kwenye kioo cha gari letu. Sheria imetulazimisha kuinunua, na hata sehemu yake moja si kwa ajili yetu. Ni ya mtu wa nje, yule tutakayemgonga. Ni ya mumeo. Hospitali, baiskeli, makala, na siku ambazo hatafanya kazi, atavidai huko, na mimi nitakwenda naye mlango kwa mlango mpaka apate."

Banza alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa. Akainua kichwa.

"Ngoja, muzee. Ile kintu mulibandika ku kioo, tangu zamani, ilikuwa yangu?"

"Yako."

"Na mulikuwa munatembea nayo bila kuniambia!"

Akacheka mpaka mkono ukamwuma, mke wake akamgombeza, halafu naye akacheka. "Basi na magari yote ya humu mu mji," Banza akasema, "iko inabeba vintu vyetu, sisi bantu ba njinga!" Njinga ni baiskeli. Tukala yule kuku pamoja. Tshibangu alipewa shingo, na mwenye nyumba akamwambia hiyo ni ya kumkumbusha kuigeuza kabla ya kupita.

Nilikwenda naye, kama nilivyoahidi. Ofisini walimwuliza Banza mwenyewe kama tulimwahidi fedha au tulipatana kwa siri. Akajibu, "Huyu kijana alilia tu. Sahihi, muzee alimukataza, mbele ya bantu bote. Bantu balimutukana." Wakubwa wa Mama Klarisi walishauriana kwa siku kadhaa, na mimi sikulala vizuri, nakwambia kweli. Hatimaye Mama Klarisi akaja mwenyewe nyumbani, jasho linamtoka, hakungoja hata maji.

"Papa, balikubali! Kulia na mugonjwa hakuna sheria inakataza. Ni sahihi njo ingewaua."

Banza amelipwa hospitali na baiskeli, na malipo ya siku zake za kukaa bila kazi yanafuatwa; nimekwisha kuwachosha kwa kuuliza. Gari letu limetengenezwa, tukabeba ile sehemu yetu ya kwanza kama ilivyoandikwa. Kama tungechukua ile ya chini tu, Banza angepata haki yake vilevile, lakini gari lingekuwa bado kwenye karakana, kuku wanatagia ndani. Jibu la swali lako ndilo hilo, Ngoie. Ile ya kwanza inawalinda watu dhidi yetu. Ile ya pili inatulinda sisi dhidi ya barabara, na dhidi ya sisi wenyewe.

Sasa nikupe la mwisho, ambalo nimeliahirisha tangu ukurasa wa kwanza. Jana tulirudi ofisini kuongeza asiransi ya abiria, kwa sababu hatukuwa tumeichukua, na njia yenu ni ndefu. Mama Klarisi akauliza tutakuwa wangapi. Beatrisi akahesabu: yeye, mumewe, mama mkwe wake anayetaka kuona nchi, na Papa. "Bane kwenda, bane kurudi."

Nikasema, "Wanne kwenda. Watatu kurudi."

Beatrisi alinitazama kama siku zile alipokuwa mtoto na mimi nikichelewa kurudi. Tshibangu akakohoa. Sikuwa nimewaambia, Ngoie, na wewe pia sikukuambia. Nilikuwa nangoja kuona kama gari litakuwa zima.

"Papa," Mama Klarisi akasema taratibu, "hapa tunaandika kiti, hatuandiki muntu. Kiti itakuwa na asiransi hata ikirudi bure."

"Basi andika," nikamwambia.

Beatrisi alilia kidogo njiani, kisha akaanza kunifokea juu ya mablanketi: nitachukua mangapi, na nani atanipikia bukari laini, ugali usiochosha meno. Nimemwambia wewe. Tutaondoka wiki moja baada ya lori hili linaloleta barua.

Nisalimie mama mkwe wako, mfagiaji mkuu, umwambie sasa atakuwa na mzee wa kumwamsha. Nisalimie mumeo, shemeji yangu, umwulize kama ile nyumba ndogo ya nyuma bado ina mlango. Nisalimie shangazi yetu aliyebaki peke yake upande wa mto, na mwalimu wa kanisa aliyenitunzia vitabu vyangu wakati wa moto. Na watoto wako wote, hata wale waliozaliwa nikiwa mbali, ambao wananijua kwa sauti tu.

Beatrisi anakusalimu, bado amenuna. Tshibangu anasema ataendesha polepole.

Unitandikie kitanda, mdogo wangu. Kwa upendo wote,

Yaya wako,
Monga