Bunduki Zilizo Chini ya Kitanda Changu

Loretta, uko? Nimetoka mahakamani sasa hivi.

Si unajua mwanangu Dwight kaishtaki serikali ya jimbo letu la Illinois, eti kumlazimisha asajili bunduki ni kuvunja Katiba ya Marekani? Eti serikali isijue alicho nacho!

Jaji kamuuliza kitu kimoja tu: "Bunduki unayo?"

Si angesema ndiyo tu, akae! Yeye: "Ninazo mbili, mheshimiwa, hazijasajiliwa. Ziko chini ya kitanda cha mama. Yule pale, mwenye sweta jekundu."

Kaninyooshea kidole, Loretta! KIDOLE! Wakili wake kafunika uso.

Nje nikamwambia, "We mtoto, hiyo ni jela, na kitanda ni changu!"

"Mama, si niliapa kusema kweli?"

Mwanao akitaka kujiunga na kesi hii, mfungie ndani. Mimi leo nalala kwako.