Usimnyamazie Kalle

Barabara ya Msonobari 214,
Port Arness, Wisconsin.
Jumatano, 13 Novemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Urho,

Pokea salamu kutoka huku ambako pua inafika sokoni kabla ya mwenyewe kwa kukakamaa. Hujambo? Mgongo je? Shemeji Aili anaendeleaje na magoti yake? Natumai mamba wa huko Florida wamekuonja, wakakutema, na sasa mnaishi kwa amani.

Mimi ni mzima, tena mzima wa kupindukia. Jana uwanjani, mbele ya kocha na wasaidizi wake wote, niliupiga mpira kwa mguu huu wa miaka themanini na moja ukapita katikati ya nguzo kutoka mbali sana, na kocha akanivulia kofia.

Haya, si kweli. Kupiga nilipiga, ila kilichoruka ni kiatu. Mpira ulibaki pale pale ukinitazama. Na kofia ya kocha ilivuliwa na upepo wa ziwani. Nimeanza na uongo kwa sababu ukweli wa wiki hii unanitisha, na nimetaka ucheke kwanza kabla hatujafika huko.

Ni habari ya Kalle, mjukuu wetu. Niko kwake tangu daktari aliponitoa mtoto wa jicho. Lempi binti yangu aliniambia niende nikamwangalie mwanawe, kumbe naye Kalle kaambiwa aniangalie mimi, basi tunaangaliana. Ningekupigia simu, lakini unanijua na masikio haya: nikiongea kwenye simu, mtu wa ng'ambo ya barabara anaitika. Na Kalle yuko chumba cha pili.

Kazi yake unaijua. Wanaume wengine wanagongana vichwa saa tatu nzima kama kondoo dume, halafu mwisho wanamwita yeye, ambaye jezi yake haina hata tope, apige ule mpira wa umbo la yai upite kati ya nguzo mbili. Akipitisha, wameshinda wao. Akikosa, kakosa yeye.

Jumapili alikosa. Tena mara mbili. Wa kwanza ulikuwa wa karibu, wa kupigwa hata na shemeji Aili akiwa na kandambili. Wa pili ulikuwa wa mwisho kabisa, saa imebakiza pumzi moja, tuko nyuma kwa pointi moja. Aliupiga vizuri, Urho. Mlio wake ulikuwa ule ule mzuri, kama mlango wa ghala ukifungwa. Ukaenda, ukaenda, halafu ukapinda kushoto kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka.

Kukosa hukosa kila mtu. Hofu yangu ni kwamba hakuna anayejua sababu. Mguu hauumi. Upepo ulikuwa mdogo. Delroy, mshikaji wake, yule anayepiga goti na kuusimamisha mpira kwa kidole, aliushika sawasawa. Mwalimu wa mateke ametazama zile picha mpaka macho yamekuwa mekundu, kosa halioni.

Mimi nilikuwa na jibu langu, nikalitoa nikiwa nimetunisha kifua. Nikasema ni kwa sababu walimwondolea kile kiruko chake, kile cha kukung'uta theluji kwenye soli kabla hajakimbilia mpira. Alijifunzia nyumbani, akiupiga mpira kuvuka paa la sauna na mabuti ya baba yake miguuni. Timu ilipomchukua ikasema kiruko kile ni uchafu, kinapoteza muda, wakakifuta. Mwalimu akanisikiliza kwa adabu, akaniuliza, "Mzee, na mwezi mzima wa Oktoba, aliofunga yote bila kiruko, tuuweke wapi?" Nikaomba kahawa.

Hawa watu wanapima kila kitu. Walipomfuata kule chuoni walikuja na saa za kubonyeza, wakapima mpira unakaa hewani kwa muda gani, wakapima unaondoka mguuni kwa kasi gani, wakamzungushia kamba pajani kama wanunuzi wa farasi. Nilikuwepo. Nilingojea wamfungue mdomo wamhesabu meno. Hakuna aliyemuuliza analalaje siku akikosa.

Na subira hawana. Kabla ya Kalle walikuwa na kijana anaitwa Hruska. Alikosa wiki mbili wakamfukuzia pale pale maegeshoni, hata begi hajalishusha garini. Timu ya ng'ambo ya ziwa ikamwokota. Mpaka leo anawapigia wale, hakosi, na kila akija hapa kutufunga, mji mzima unaguna kama mwanaume aliyekutana na mke aliyemwacha, tena kapendeza.

Huyo ndiye aliyepona. Kabla yake mpigaji alikuwa Ostby. Mwezi uliopita nilipeleka gari la Kalle likafungwe matairi ya theluji, nikamkuta huko gereji akifanya kazi, jitu refu, mkimya, ndevu mpaka kifuani. Alitaka kunyanyua tairi, akasita. Akarudi hatua mbili nyuma, akaenda mbili pembeni, akashusha pumzi, kama mpigaji anayejipanga mbele ya mpira, ndipo akalijia. Tairi la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Mwenzake akanikonyeza, "Mzoee tu, mzee, ndivyo alivyo." Nikamuuliza Ostby kama huwa anatazama mchezo Jumapili. Akaniambia, "Mchezo gani?" Nikangoja acheke. Hakucheka.

Jumatatu asubuhi, Urho, nilikuwa nakula uji. Kalle akaingia jikoni, akasimama mbele ya friji. Akarudi hatua mbili nyuma, akaenda mbili pembeni, akashusha pumzi, akaufungua mlango, akatoa maziwa. Kijiko kilinidondoka. Hakugeuka.

Jana timu ikaleta wapigaji wengine watatu kujaribiwa. Ni desturi yao na wala hawaifichi: wanakodi watu waje kugombea kiti chako wewe ukiwa umekikalia. Waliwavisha jezi za mazoezi za Kalle mwenyewe, maana ndizo zilizokuwa safi. Na aliyewashikia mpira ni Delroy, maskini, anatazama chini muda wote kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya pili ya mke wa rafiki yake. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio na chupa ya kahawa. Hapo ndipo kiatu changu kiliporuka, wakati wao wanapumzika, na nilikuwa nimetaka tu Kalle acheke. Alikiokota, akanivisha, akanifunga kamba.

Halafu akapiga naye, na akawashinda wote. Karibu, mbali, upepo wa uso, upepo wa kisogo, yote ndani. Nikapiga kelele mpaka meno ya bandia yakalegea. Kocha Mulvaney akamshika bega, akasema, "Kijana wangu, Jumanne wewe ni mfalme. Shida ni kwamba Jumanne hatuchezi."

Mmoja wa wale watatu wamembakiza hotelini, anaitwa Brandvold. Jumapili hii timu inapumzika. Tarehe 24 Kalle atapiga, na akikosa hata mmoja, Brandvold anaingia na yeye anafungasha. Ameambiwa hivyo usoni. Huyo Brandvold alikuja kumpa mkono kabla hajaondoka uwanjani, kijana mwenye adabu zake, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimemtegemea awe na sura mbaya na tabia mbaya, anirahisishie.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu, mimi niliyeikimbia shule nikiwa darasa la nane.

Unajua mwiko wa mchezo huu, kwamba mpigaji hasemeshwi. Kabla ya kupiga, wenzake wanamwachia nafasi kwenye benchi kama mwenye ndui. Na akikosa ndiyo kabisa, hata macho hawampi. Wanasema ni heshima, usimtibue. Basi mji mzima una heshima. Mama wa duka la mikate anampa mkate wake wa iliki tangu Jumapili bila hata salamu, anauweka mezani anakimbilia nyuma. Jirani ameshusha bendera ya timu kwa kunyata, kama mwizi. Mchungaji aliombea wagonjwa, wafungwa na wanyama wa mwituni, alipofika kwa Kalle akakohoa. Na watu wetu unawajua: Wafini hata kwenye harusi tunakaa kama tunasikiliza redio. Lempi hapigi simu, anasema hataki kumsumbua mwanawe. Kaka zake Kalle vivyo hivyo. Nami nikazima televisheni, nikavaa soksi mbili nisisikike nikitembea, nikaacha hata kugombana na paka.

Jana tulipotoka uwanjani tukaketi mezani, mimi na yeye na viazi. Akaweka uma chini.

"Babu, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kula."

"Basi mbona mnanikalia matanga? Mama kimya, mtaa kimya, wewe unatembea na soksi kama unaniibia."

"Tunakupa nafasi, mjukuu wangu."

"Nafasi ya nini? Ya kuwaza? Mawazo ninayo, babu, hata ya kuuza. Mkininyamazia hivi ninausikia ule mpira. Unapinda. Nakula, unapinda. Naoga, unapinda. Nyote mmeshaamua kuwa nimekwisha, sivyo?"

"Nani kasema?"

"Hakuna. Ndiyo nakwambia. Hakuna anayesema."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakusema mshindo wenyewe unamwangukia nani. Nikafungua mdomo nimtanie kama zamani, mimi niliyewahi kumtania askofu mpaka akasahau sala. Nikamwambia kuna theluji inakuja. Kisha nikamwambia viazi vina chumvi. Kisha nikaishiwa. Kila nikimtazama namwona yule wa matairi, na utani wote unanitoroka. Yeye anaona. Mimi nimezeeka, Urho, nimezika mke, nimezika kaka zetu wawili, nimewahi kuzama kwenye barafu na trekta, na sijawahi kuogopa kama ninavyoogopa nikimsikiliza mtoto huyu akivuta pumzi mbele ya mlango wa friji.

Hao wa timu wakimwacha, nitalia, nitawatukana, nitapona. Atapata timu nyingine kama Hruska au atakuja nyumbani akate miti, kazi ni kazi. Ninachoogopa ni kumpoteza yeye, awe amekaa mezani nami, anatafuna, na hayupo. Nao watamwandika kuwa mguu wake ulichoka.

Nisalimie shemeji Aili, mwambie mkate wake wa tangawizi nauota. Msalimie kijana wako Reino na watoto wake, na yule mkwewe mwenye pikipiki, ambaye jina lake silijui wala sitaki kulijua. Lempi anakusalimu, Delroy pia ingawa hakujui. Mungu akulinde mgongo, akupe usingizi, akuepushe na mamba na wanasiasa.

Sasa nakudai.

Mwaka ule tulipokwenda kuwinda kulungu, wewe ukampiga risasi ng'ombe wa Heikkinen, mimi niliona. Uliniomba nisiseme, nikakuahidi. Baba aliniuliza, nikanyamaza. Mchungaji aliniuliza, nikanyamaza. Heikkinen mwenyewe alikuja akalilia mezani kwetu, akinywa kahawa yetu, nami nikampa sukari nikanyamaza. Amekufa akiamini ni dubu. Nimekutunzia kimya kile miaka sitini, na wewe katika maisha yako yote hujawahi kunyamaza hata usingizini.

Nilipe kwa kelele. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie Kalle. Usimuulize mguu, usimpe moyo, usimwambie una imani naye. Akisikia neno imani atajua ni mimi niliyekutuma. Mwambie habari za mamba. Mwambie anapiga kama kuku anayeparua jaa. Gombana naye juu ya kitu chochote kisicho na maana, na akikata simu, piga tena, na kesho piga tena, mpaka tarehe 24 ipite, na ikishapita, kwa vyovyote itakavyopita, upige pia siku inayofuata. Mimi nitakuwa chumba cha pili nimetega sikio langu lile zima. Nikimsikia akikujibu matusi, nitavua soksi moja.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye pamoja na mdomo wako wote,

Waino