Rili ya Santuri Yako

Shikamoo Babu. Sijapata kumwambia mtu: nikiingiwa na hofu, huiimba kimoyomoyo ile rili, wimbo wa dansi wa Ayalandi, iliyo kwenye santuri yako. Jana mwanamuziki wa Kiayalandi kaipiga kwa fidla hotelini hapa mtaani kwa Mjomba, Muraqqabat. Mjomba akaninunulia CD yake. Juu yake, kando ya rili hiyo, imeandikwa "Mtungaji", kisha jina lake! Na kitabu chako cha nota kiliichapa kabla baba yake hajazaliwa, kikaandika "ya kale".

Unajua nilivyo na haya, lakini nikamfuata, nikamwambia rili hii ni ya kale, si yake.

"Wimbo wa kale hauna mwenyewe, mtoto," akacheka.

"Basi hata wewe si mwenyewe."

"Khalas, yatosha, Zuhura, njoo ule," Mjomba akaniita.

Yule bwana akaninyooshea fidla kwa kejeli. Nikaipiga yote. Pale santuri yako ilipokwaruzika nikaruka, kama mimi nawe tupigavyo nyumbani.

"Umeruka nota!"

"Ndivyo ilivyo kwenye santuri ya babu. Mimi nasema nilikoitoa."

Nikamrudishia fidla. Nikalikata jina lake kwenye CD kwa kalamu, nikaandika "ya kale", nikamwachia mezani.

Nakubusu mikono, Babu.
Zuhura