Yule wa Kwenye Simu

Mwenzangu, uko? Usipige. Soma tu, sauti sina.

Leo ilikuwa zamu yangu kutoa mada mbele ya darasa. Ile ile niliyokusumbua nayo wiki nzima.

Nikaunganisha simu na spika ya darasa, nianze na kale kamuziki ka kufungulia. Nikabonyeza. Ikatoka sauti yangu.

Sauti yangu! Jana nilijirekodi nikifanya mazoezi jikoni, na mama yumo humo humo: "Simama wima, mwanangu, hujafiwa. Anza tena."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikaganda kama sanamu. Kidole kiko juu ya simu, hakishuki.

Basi yule wa kwenye simu akaendelea. Akaongea, mwenzangu! Hana kigugumizi, hana "aaa" wala "yaani". Kicheko kikakatika, watu wakaanza kuandika. Kuandika! Dakika sita nimesimama kando ya sauti yangu mwenyewe, mdomo nimeufumba.

Wakapiga makofi. Sijui walimpigia nani.

Mwalimu akavua miwani, akaniangalia. Hata hakukasirika. Akasema, "Huyo anajua kuongea. Jumatatu njoo naye, simu uiache nyumbani."

Unajua nilimjibu nini? Mbele ya watu wote, kwa adabu kabisa:

"Sawa mwalimu, nitamwambia."

Nitamwambia! Sasa nimefika nyumbani, mama anauliza imekuwaje, nami nimekaa hapo hapo jikoni, namtafuta huyo wa kumwambia.