Mama Mkwe Kwenye Katuni

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Awendo tumeamka vizuri. Miwa imekatwa, na nyanya yako anatembea tena bila fimbo. Unauliza kama mtunzi wa katuni anafaa kuomba ruhusa kabla ya kumtia shangazi yake kwenye hadithi. Mimi sikuomba.

Miaka ya sitini niliandikia gazeti la Nairobi hadithi za katuni, na mchoraji wa huko alizichora akifuata maneno yangu. Nikatunga mama mkali anayeuza samaki Karungu, anayevuta sigara upande wa moto ukiwa mdomoni, kama walivyozoea akina mama wa ziwani. Alikuwa mama mzazi wa nyanya yako, na mimi ndio kwanza nilikuwa naposa.

Gazeti likapitia Homa Bay hadi sokoni kwake. Akaniita. Unajua sisi Wajaluo hatutaniani na mama mkwe, hata kutazamana ni shida. Nikaketi nje ya mlango, yeye ndani, nikajua mke nimemkosa.

"Huyu mama wa gazeti," akasema, "mbona moto wa sigara yake uko nje?"

Kumbe mchoraji alidhani nimekosea, akaigeuza.

"Niliandika ndani, mama."

"Basi mwambie achore tena. Watu wanabisha kwamba si mimi."

Nikasikia nyanya yako akicheka jikoni.

Kwa hivyo mchore shangazi yako. Ila usisahau mwanya wake, maana ndio atakaoutafuta kwanza.

Babu yako