Wakili wa Beji

Jumanne, 15 Julai 2025
Mbamba Bay, kando ya ziwa. Rodrick kazini! Mradi umeniajiri kuuliza watu maswali: mahakama na vyama vya mawakili vinafanya nini ili haki ipatikane vizuri. Beji shingoni, kishikwambi mkononi. Najitapa mimi wa Dar, wa Lilongwe — kidato cha pili sikumaliza, nani atajua?
Barazani mahakamani kulikuwa na Mama Hilda, mjane wa Kingerikiti, kule milimani. Shemeji yake anataka shamba lake la kahawa. Kaona beji, kaniita wakili, tena mbele ya watu. Ningekataaje! Kesi Ijumaa, kahawa imeiva, hana wa kumchumia. Nikamhurumia. Nikamwambia: kachume mama, usije, hakimu mtu wangu, nitamweleza. Kanibariki. Kanipa ndizi. Nikala.

Ijumaa, 18 Julai
Mbinga. Nyama ya kitimoto na wenzangu, nimewavunja mbavu. Jioni ndipo nikakumbuka — Mama Hilda! Ah, wataahirisha. Kesi huahirishwa kila siku.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeulizia kwa simu: hawakuahirisha. Mama hakufika, shemeji kapewa shamba.
Na leo zamu ya chama cha mawakili. Katibu wao, Wakili Getrude. Nikamsomea swali kwa sauti ya redio: vishoka, hawa wanaojifanya mawakili, mnawadhibiti vipi? Akasema juzi tu kuna mmoja kule ziwani, ana beji, kamzuia mjane asije kwenye kesi yake. Wakimpata, polisi moja kwa moja. Nikaandika jibu. Beji nikaigeuza. Kaka, mbona unatetemeka? akauliza. Malaria, nikasema.
Halafu nikauliza lisilokuwemo: huyo mama afanyeje? Aombe kesi isikilizwe upya, akasema, ila aeleze kweli kilichomzuia.

Jumatano, 23 Julai
Mbamba Bay, benchi lilelile la mahakamani. Jana nilipanda Kingerikiti kumfuata, leo tumeshuka wote kuomba kesi isikilizwe upya. Njiani nikamwambia: shikamoo tena, mama, mimi si wakili, mimi muuliza maswali tu. Kaitazama beji yangu. Kisha kacheka. “Na maneno yote yale, mwanangu?” Bora angenitukana.
Sasa ananinong'oneza: nitasema niliumwa, wasije wakakufunga, nawe una mama yako.
Wakili Getrude kapita. Eti, kaka wa malaria, umepona?
Karani anaita jina la Mama Hilda. Kasimama, kajifunga kanga vizuri. Haendi. Ananitazama, anangoja nimwambie aseme lipi, ugonjwa au kweli —